Kumi na Nne Ilikataa

Shaame, ndugu yangu wa baba mmoja, kaja na mashine begani
kama aliyebeba mgonjwa.
"Mize, harusi ya Jumamosi mpaka leo haijatoka,
mama wa bibi harusi ananipigia simu kabla ya alfajiri."
Weka hapo, nikamwambia, vua viatu, usiguse feni.

Kununua mpya hatununui. Ramadhani hii
hata mfuko umefunga.
Nikafungua ubavu, nikapuliza vumbi la barabara ya Konde
na makonyo mawili, sijui yameingiaje.
Pemba hii hata kompyuta hainusuriki na karafuu.

Watu hudhani mbio ni mbio.
Kumbe ndani ya kijiti cha memori mna kungoja tu:
prosesa inaita, memori inajibu "labeka, ngoja",
inahesabu mapigo kumi na sita ndipo ifungue mlango,
kumi na nane tena ndipo ije na kitu mkononi.
Mgeni keshachoka barazani.
Kazi yangu ni kuyaiba mapigo hayo, moja moja,
kama mtoto anayechota sukari
na kuuacha mkebe kama haujaguswa.

Kumi na sita nikaifanya kumi na tano. Ikawaka.
Volti nikaongeza, tone tu, la limau kwenye mchuzi wa pweza.
Kumi na nane nikaifanya kumi na saba. Ikawaka.
Shaame akapiga makofi. Nikamkata jicho:
kuwaka si kupona.

Na vijiti vyenyewe si wa mama mmoja, kama mimi na yeye.
Kimoja cha Darajani, kina boksi na risiti;
cha pili kimetoka kwenye kompyuta ya skuli iliyokufa.
Cha risiti kinakubali kila ninaloomba.
Cha skuli kina mwendo wake, na ukikibana kinasema uongo:
unakipa saba, kinakurudishia tisa,
uso mkavu, bila kengele,
na kwenye picha bibi harusi anaota kidoti cha kijani shavuni.

Nikataka kumi na nne. Ni tamaa, sina jina jingine.
Skrini nyeusi. Feni zinazunguka, zinazunguka,
kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.
Zima, washa. Nyeusi.
"Umeiua," kasema Shaame.
Nikaitoa betri ya saa, ile bapa kama shilingi,
nikaifumba kiganjani, nikahesabu mpaka mia mbili
bila kuiba hata moja.

Ikaamka haijui kitu.
Imesahau namba zangu zote, imesahau na siku:
tarehe mosi Januari, elfu mbili na tisa, saa sita kamili usiku.
Elfu mbili na tisa mama alikuwa hapo uani
akigeuza karafuu jamvini kwa unyayo.
"Acha, bado hazijalia."
Saa hakuwa nayo. Alivunja moja kwa kidole, akasikiliza.

Nikabonyeza mwaka mbele. Na mwingine. Na mwingine.
Kuna mmoja kidole kiligoma juu yake.
Shaame alikuwa kwenye simu.
Kisha nikafika leo.

Kumi na tano, kumi na saba, kumi na saba, thelathini na tano.
Jaribio nikaliacha lizunguke, nikaenda kupasha mihogo.
Mzunguko wa kwanza, makosa sifuri. Wa pili, sifuri.
Wa nne umeme ulipepesuka: mimi nilishika kifua,
mashine haikutikisika.
Wa nane, ngoma ya daku ikipita Jadida, sifuri.

"Tumepata nini?" kauliza, mdomo umejaa.
Dakika kumi na moja kwa kila harusi.
"Kumi na moja tu? Usiku kucha?"
Nikamsogezea maji, anywe kabla ya adhana.
Ubavu nikaufunga kwa skrubu tatu, ya nne imeangukia sijui wapi.
Makonyo yale mawili yapo mezani bado.